Kabla ya kumlaumu mwalimu mkuu, fungua daftari la uandikishaji

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wazazi wa miji midogo huniuliza jambo moja: shule yetu imepanda au imeshuka? Kazi yangu ni takwimu za elimu, na mara nyingi nami huwauliza: hao waliofanya mtihani, walipoanza darasa la kwanza walikuwa wangapi?

Tuseme shule ina watahiniwa 20. Wakifaulu 16, hiyo ni asilimia 80. Mwakani wakifaulu 14 inakuwa asilimia 70, na kikao cha wazazi kinawaka moto. Tofauti ni watoto wawili tu! Kwenye shule ya watahiniwa 200, watoto wawili ni asilimia moja. Shule ndogo itayumba hata kama ufundishaji ni uleule, ndiyo maana mimi huangalia miaka mitatu au minne kwa pamoja.

Linaloniuma zaidi ni wale wasiohesabiwa. Kama miaka saba nyuma waliandikishwa 38 na wamefanya mtihani 20, wale 18 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi, hasa kwenye miji ya biashara ya mazao kama Kibaigwa, wilayani Kongwa. Wengine walirudia darasa la nne baada ya upimaji wa kitaifa wa darasa hilo, bado wako shuleni. Waliobaki ndio mdondoko wenyewe, yaani walioacha shule: wanachunga, wanauza sokoni, wameolewa. Msigawanye 16 kwa 38 mkaishia hapo, maana wapo pia waliohamia. Uhamisho hupita kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Mtoto asiyeonekana humo kama amehama, na darasani hayupo, afuatwe nyumbani.

Kitaifa tuliona mwaka 2022 jinsi asilimia peke yake inavyopotosha. Watoto walioanza shule mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, ndio walifika darasa la saba mwaka huo, na watahiniwa wakaongezeka sana. Ufaulu ulitoka asilimia 81.97 mwaka 2021 hadi 79.62, na wengi wakasema elimu imeshuka. Lakini waliofaulu waliongezeka kwa zaidi ya 160,000. Mimi naiita hatua kubwa, na sioni haya kusema hivyo.

Uandikishaji ndio unaoamua pia fedha na walimu, na hapa ndipo shule ndogo inapoumia. Utaratibu ulioanza na elimu bila ada ulipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 ziende shuleni, 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 200 inapata shilingi 1,200,000, yaani laki moja kwa mwezi, ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengine yote.

Kwa walimu, ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, ya mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 inawapa watoto hao 200 walimu watano. Madarasa ni manane, awali hadi la saba. Kwenye karatasi shule hiyo haina upungufu hata wa mwalimu mmoja, ilhali kila saa kuna madarasa matatu yasiyo na mtu mbele. Kamati ya shule inapoandika barua halmashauri kuomba walimu, iweke idadi ya madarasa na vipindi kwa wiki, siyo idadi ya wanafunzi peke yake.