Makasha na milango ya nakshi: tunayosikia na yalivyo

Simama mbele ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe, au fungua kasha la bibi likutolee harufu ya udi, hutakosa mtu wa kukueleza habari zake. Mengi ya maelezo hayo ni matamu lakini si kweli, na ubaya wake ni kwamba yanatuondolea macho kwenye kazi ya fundi.

"Kasha la Zanzibari limeundwa Zanzibar"

Mengi hayakuundwa huku. Yale yaliyojaa njumu za shaba, yenye droo chini na kijisanduku chenye kifuniko ndani upande mmoja, yaliundwa Surat, Bombay na bandari za Ghuba, yakaja na majahazi ya kaskazi pamoja na vitambaa na vyombo. Mbao zake mara nyingi ni msaji au sisham, miti ya Bara Hindi. Zanzibar ilikuwa soko kubwa, na jina la soko ndilo lililoshika. Mafundi wa pwani nao waliunda yao, na wangali wanaunda. Asili ya ng'ambo hailipunguzii kasha hadhi hata kidogo: nyumba iliyoweka ndani yake kanga za harusi, fedha na hati za shamba kizazi baada ya kizazi ndiyo iliyolifanya kuwa letu.

"Miiba ya shaba mlangoni ni ya kuzuia tembo"

Hii watembeza wageni wanaipenda sana. Bara Hindi kweli kulikuwa na tembo wa vita, na malango ya ngome yaliwekewa miiba mirefu kwa sababu hiyo. Lango kuu la Shaniwar Wada huko Pune linayo hadi leo. Mtindo ulivuka bahari, tembo wa vita hawakuvuka. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao sehemu kubwa ya majumba yake ni ya karne ya 19, miiba ile ni pambo na tangazo la uwezo wa mwenye nyumba. Ihesabu, tazama ilivyopangwa kwa mistari, uone shaba nyingi kiasi gani mtu alikubali kuipigilia kwenye mbao ili mpita njia ajue anapita kwa nani.

"Maua yakizidi, mlango ni wa kale zaidi"

Mara nyingi ni kinyume. Milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, nakshi zake zimetulia, ndiyo mtindo wa zamani zaidi. Ile yenye tao juu na majani yanayojipinda kila upande ilishamiri mwishoni mwa karne ya 19, kwa mvuto wa Kihindi. Usikisie kwa maua. Inua macho usome kizingiti. Wakati mwingine fundi amechonga aya ya Kurani na mwaka wa Hijria. Ukikuta 1306, hiyo ni 1888 hadi 1889.

"Shaba isiyong'aa imeharibika, isuguliwe"

Hapa ndipo vitu vingi vinapouawa kwa mapenzi. Ndimu na majivu, au ukwaju, hung'arisha kweli, lakini asidi ikikaa inakula zinki iliyomo kwenye shaba ya njano na kuacha uso wenye wekundu wa shaba tupu. Ule weusi-weusi wa miaka ni ngozi ya shaba yenyewe, hauli kitu. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Mbao ni nyeti zaidi. Msasa ukipita juu ya nakshi unalainisha kingo ambazo patasi iliziacha kali, na kingo hizo ndizo zinazocheza na mwanga. Hazirudi. Vanishi nene nayo inajaza mifereji, mlango ukawa kama wa plastiki. Nta ya nyuki, kidogo, inatosha. Kasha liondoe kwenye jua la dirishani.

"Matundu ya wadudu ni ushahidi wa umri"

Wadudu hula mbao mpya pia, na rangi ya uzee hupakwa. Ushahidi uko pasipoonekana haraka. Chomoa droo, geuza chini yake. Meno yanayounganisha pembe, yakikatwa kwa msumeno wa mkono, hayalingani kabisa. Msumari uliofuliwa na mhunzi una shina la pembe nne, si mviringo. Skrubu zenye ncha kali za kiwandani zilienea kuanzia katikati ya karne ya 19, hivyo kasha "la miaka 300" lililojaa skrubu hizo, zikiwa za asili yake, linajisema lenyewe. Angalia pia uchakavu: uwe pale mkono unaposhika, si kila mahali sawasawa.

Kasha jipya lililochongwa vizuri na kuuzwa kama jipya lina heshima yake. Ninalolipinga ni uongo wa umri.

"Mlango ni wa kwetu, tutauza tupendavyo"

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki. Haitolewi nchini bila kibali. Unguja, ulizia kwanza Mamlaka ya Uhifadhi wa Mji Mkongwe kabla fundi hajagusa fremu. Na kiti cha enzi, kile kiti cha heshima cha majumba ya pwani, kilichotiwa pembe za ndovu kina kizuizi kingine: biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kitu kuwa cha kale hakukupi ruhusa ya kukivusha mpaka bila hati.