Je, Wajua Kwa Nini Biblia Moja Ilimaliza Ngozi Mia Tano?

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50. Punguza theluthi yake, kisha jaribu kuukumbatia kifuani kama mtu anayekwenda kanisani na kitabu chake. Huo ndio uzito wa Biblia iitwayo Codex Amiatinus: kilo zipatazo 34. Iliandikwa kwa mkono kaskazini mwa Uingereza, katika monasteri pacha ya Wearmouth na Jarrow, kabla ya mwaka 716. Ndiyo Biblia kamili ya Kilatini ya tafsiri ya Vulgata iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Ndani yake hamna hata kipande cha karatasi. Yote ni ngozi.

Hesabu yake ni nyepesi, ingawa inatisha kidogo. Kitabu kina majani 1,030, kila jani likiwa na urefu wa karibu nusu mita. Kwa ukubwa huo, ngozi ya ndama mmoja ilitoa kipande kimoja tu cha kukunjwa katikati, yaani majani mawili. Gawanya, utapata ngozi 515. Na Ceolfrith, abati wa monasteri ile, hakuagiza Biblia moja. Aliagiza tatu.

Kwa nini ngozi? Kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutegemewa. Mafunjo ya Misri yalikuwa yameadimika Ulaya, na hayakupenda unyevunyevu wa kaskazini. Karatasi, iliyobuniwa Uchina, ilisafiri taratibu kupitia nchi za Waislamu hadi Hispania, na Ulaya ya kaskazini haikuizoea mpaka karne ya 14 na ya 15. Kabla ya hapo, aliyetaka kitabu ilibidi aanzie zizini.

Ngozi mbichi ililowekwa siku kadhaa katika maji ya chokaa hadi manyoya yakalegea. Ikakwanguliwa, ikaoshwa, kisha ikawambwa kwenye fremu ya mbao kwa kamba. Aliyewahi kumtazama fundi akiwamba ngoma hahitaji maelezo zaidi, ila fundi wa ngoma hutafuta mlio, na huyu alitafuta wembamba. Ngozi ikiwa bado imevutwa, aliipitishia kisu chenye umbo la mwezi mwandamo. Umbo hilo halikuwa urembo: kisu chenye pembe kali kingeitoboa. Hata jeraha dogo, pengine la kuumwa na mdudu ng'ombe alipokuwa hai, lilipanuka likawa tundu la duara. Vitabu vingi vina matundu hayo mpaka leo, na mwandishi aliyapita tu pembeni, neno likaanzia ng'ambo hii ya tundu likaishia ng'ambo ile.

Kuna Biblia ndogo za karne ya 13 zenye kurasa nyembamba mno, na kwa muda mrefu ilisemwa kwamba lazima zilitengenezwa kwa ngozi za ndama ambao hawajazaliwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha York wakatumia njia ambayo mtoto wa shule angeifurahia: walisugua kurasa kwa ufutio, wakakusanya vumbi lake, wakapima protini zilizonaswa humo. Walikuta ndama, mbuzi na kondoo wa kawaida. Wembamba ule ulitokana na mikono ya mafundi.

Sasa, kwa nini kazi hii iliwaangukia wamonaki? Jibu limo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Sura ya 48 inaanza kwa kusema kwamba uvivu ni adui wa roho, kisha inaigawa siku kati ya kazi ya mikono na kusoma. Kwaresima ilipoingia, kila mmonaki alipewa kitabu akisome kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jumuiya inayolazimika kusoma inahitaji vitabu, na palipokuwa hapana duka la vitabu, walivinakili. Karibu wakati uleule, Cassiodorus, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa serikali kabla ya kuanzisha monasteri ya Vivarium kusini mwa Italia, aliwatia moyo wanakili wake kwamba kila neno la Bwana wanaloliandika ni jeraha kwa Shetani. Kwa maneno hayo, mtu aliyeketi kimya siku nzima akawa askari.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofuatwa na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Watanzania wengi wameshika vitabu vya sala vilivyochapwa na mitambo yao bila kufikiri kwamba desturi ya monasteri kuzalisha vitabu ina umri wa zaidi ya miaka 1,400. Kanuni ina mambo mengine yanayoleta tabasamu. Sura ya 33 inamkataza mmonaki kumiliki chochote, na inataja kwa jina: kitabu, ubao wa kuandikia, hata kalamu. Sura ya 39 inawakataza wasio wagonjwa kula nyama ya mnyama wa miguu minne. Fikiria basi monasteri yenye mamia ya ngozi za ndama mikononi mwa watu waliokatazwa nyama yake.

Mwandishi alifanya kazi kwa mikono miwili. Wa kulia ulishika kalamu ya unyoya wa bata bukini. Wa kushoto ulishika kisu kidogo, akikitumia kuichonga kalamu, kuukandamiza ukurasa usimruke, na kukwangua makosa, kwa kuwa wino hukaa juu juu ya ngozi na huweza kuparuliwa. Kishike akilini kisu hicho, tutakihitaji baadaye. Wino wenyewe ulitoka kwenye vinundu vinavyoota katika miti ya mwaloni baada ya nyigu kutaga mayai humo. Vilipondwa, vikachanganywa na chumvi ya chuma, kisha gundi ya mgunga, mti wa nchi kavu za Afrika na Uarabuni. Hivyo hata katika chumba chenye baridi cha Ulaya, jasho la mgunga lilishikilia maneno yasimwagike.

Katika monasteri za mkondo wa Cluny, abasia kubwa ya Ufaransa, ambako kimya kilikuwa sheria kali, walikuwa na lugha ya ishara. Aliyetaka kitabu cha mpagani, tuseme mshairi wa Kirumi, alionyesha ishara ya kitabu kisha akajikuna sikio kama mbwa. Naipenda ishara hiyo kuliko kurasa nyingi za dhahabu, maana inakuonyesha watu wanaomdharau mwandishi, na bado wanamwomba kwa hamu.

Lakini kazi iliumiza. Mwaka 945, huko Hispania, mnakili Florentius wa Valeránica aliandika mwishoni mwa kitabu chake kwamba kuandika hutia macho ukungu, hupinda mgongo, huponda mbavu na tumbo, na huleta maumivu ya figo. Wengine walifupisha: vidole vitatu vinaandika, mwili mzima unataabika. Mjini Deventer, Uholanzi, karibu mwaka 1420, mnakili mmoja aliamka akakuta paka amekojolea ukurasa wake. Akaacha sehemu ile tupu, akachora paka pamoja na vidole vinavyoonyesha doa, akamlaani paka huyo kwa Kilatini, na akamwonya msomaji asiache kitabu wazi usiku mahali paka wanapofika. Wezi nao walikuwa na fungu lao. Biblia ya Arnstein, Ujerumani, ya karibu mwaka 1172, inamtakia mwizi wake afe, akaangwe kwenye sufuria, apatwe na kifafa na homa, na anyongwe. Kisha: Amina.

Na rangi? Sisi tungesema vitabu hivi vimetiwa nakshi. Kilatini kilisema vimetiwa nuru, na kwa maana ya awali sifa hiyo ilikuwa ya vile vyenye dhahabu au fedha. Dhahabu ilifuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ikalazwa juu ya lipu laini yenye gundi. Fundi aliipulizia lipu pumzi yake ili unyevu uamshe gundi, kisha akaisugua dhahabu kwa jino la mbwa hadi ikang'aa. Kwa kuwa imeinuka kidogo juu ya ukurasa, inanasa mwanga kila jani linapogeuzwa.

Rangi ya buluu ndiyo yenye kisa kirefu. Buluu ya thamani kuliko zote ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli, lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan. Januari 2019 watafiti walitangaza habari za mwanamke aliyezikwa katika monasteri ya wanawake ya Dalheim, Ujerumani, kati ya karne ya 11 na ya 12, akiwa na umri wa miaka 45 hadi 60. Katika ukoga ulioganda kwenye meno yake waliona chembe za buluu. Ilikuwa lapisi lazuli. Maelezo waliyoyaona yana nguvu zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji aliyeilamba brashi yake ili ncha ichongoke. Wanakili wengi wa zama zile hawakuandika majina yao, na watu walizoea kudhani kwamba asiye na jina ni mwanamume. Huyu bibi alikuwa ameficha jibu mdomoni kwa karibu miaka elfu moja. Kinyume chake, Injili za Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini mwa Uingereza, zilizoandikwa na Askofu Eadfrith mwanzoni mwa karne ya 8, zilisifiwa kwa miaka mingi kwa lapisi lazuli yake. Zilipopimwa kwa miale, buluu yake ikawa ni nili ya mmea.

Usidhani kwamba sanaa hii ilianzia Ulaya. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa nchini Ethiopia, kuna Injili za Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, zenye picha, zilizoandikwa kwenye ngozi. Vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya mwaka 330 na 650. Wamonaki wa Jarrow walikuwa bado hawajawamba ngozi yao ya kwanza, maana monasteri yao ilianza miaka ya 680.

Turudi kwa Ceolfrith na Biblia zake tatu. Mbili aliziweka katika makanisa yake mawili ili yeyote aweze kutafuta sura anayoitaka. Ya tatu ilikuwa zawadi kwa Papa. Juni 716, akiwa mzee wa miaka 74, aliondoka nayo kuelekea Roma. Alifika Langres, Ufaransa, akafia huko mwezi Septemba. Baadaye kitabu kikatokea katika abasia ya Monte Amiata, Italia, na hapo mtu mmoja alichukua kile kisu kidogo, akalikwangua jina la Ceolfrith katika shairi la wakfu lililo mwanzoni mwa kitabu na kuandika la abati Petro wa Walombardi. Kwa karne nyingi kikahesabiwa kuwa kazi ya Kiitaliano. Miaka ya 1880 mtaalamu Giovanni Battista de Rossi akagundua kwamba jina lile jipya linavunja mizani ya shairi lile. Majina mawili hayakuwa na mapigo sawa, na aliyekwangua hakuwa mshairi.

Leo kitabu kiko Firenze, katika maktaba ya Laurenziana. Ndugu zake wawili hawakubaki wazima. Ngozi haiozi haraka wala haichaniki kirahisi, kwa hiyo katika karne ya 16 majani ya mmoja wao yaligeuzwa kuwa majalada ya kumbukumbu za mashamba ya ukoo tajiri wa Nottingham. Jani lingine lilikutwa katika duka mjini Newcastle, si mbali na mahali yule ndama alipochungwa.