N95 haifuliwi jamani: maswali kuhusu barakoa za vumbi na filta za maji

Nipo kliniki ya kifua. Juzi kaja mkata mawe, anakohoa miezi saba sasa, namuuliza kuhusu kujikinga akachomoa N95, ile barakoa ya kuzuia vumbi, kwenye mfuko wa shati. Nyeupe pee, imekunjwa vizuri, inanukia sabuni, mpira mmoja ulishakatika kaushona na uzi. "Dokta mimi najikinga bwana, hii nimeifua jana tu." Sio wa kwanza kuniambia hivyo na ndo maana naandika.

Swali: Hivi N95 ni kitambaa gani?

Sio kitambaa, ni plastiki. Polipropilini, ndugu yake na ndoo unayochotea maji, inayeyushwa halafu inapulizwa na hewa ya moto mpaka inakuwa nyuzi nyembamba sana zinalaliana ovyoovyo. Kisha inapewa chaji ya umeme tuli, ule ule unaofanya nywele zing'ang'anie kitana. Namba 95 maana yake inakamata angalau asilimia 95 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3 hivi (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), ambazo ndo sumbufu kuliko zote, maana kubwa zaidi ya hapo zinajigonga zenyewe kwenye nyuzi na ndogo zaidi zinatangatanga huku na huku mpaka zinanasa. FFP2, ile ya viwango vya Ulaya, ni karibu hiyo hiyo, asilimia 94.

Swali: Nikiifua kwa sabuni si vumbi linatoka inarudi kama mpya?

Hapana.

Ngoja nieleze maana hapa ndo watu wanapoumia. Nafasi zilizopo katikati ya zile nyuzi ni kubwa kuliko chembe nyingi unazotaka kuzuia, yaani sio chekeche la unga kwamba tundu dogo ndo linazuia. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na chaji, inavuta chembe pembeni inazibandika kwenye uzi. Sabuni inaua chaji, spiriti inaua chaji, sanitaiza ni hivyo hivyo. Unabaki na plastiki nyeupe inayopendeza ambayo chembe laini zinapita humo kwa raha zao, na kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote, ndo ubaya wake.

Swali: Na nikifua kidogo tu, kwa maji ya uvuguvugu?

Hapana pia. Usifue kidogo, usifue sana, usiloweke, usipulizie spiriti, usipige pasi (wapo wanaopiga pasi!). Peter Tsai, yule mtaalamu aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tennessee kule Marekani ambaye kazi yake ya kuchaji nyuzi hizi inatumika kwenye barakoa za aina hii, mwaka 2020 barakoa zilipoadimika aliacha kustaafu kwake akarudi kutafuta namna ya kuua virusi bila kugusa chaji. Akaja na mambo ya joto kavu. Mwenye kitu chake hakusema fua, sasa wewe sabuni umeitoa wapi? Na hilo joto lenyewe ni la virusi, vumbi la mawe halitoki kwa kupashwa moto. Ikilowa, ikichanika, mpira ukilegea au pumzi ikianza kuwa nzito, tupa. Kwenye vumbi zito isizidi shifti moja.

Swali: Mbona nikivua nakuta vumbi puani na nimevaa mpya kabisa?

Hewa inapita pembeni. Angalia kwenye kioo, utaona mistari ya vumbi kando ya pua, hapo ndo mlango ulipo. Bana kile kichuma cha puani kwa vidole vya mikono yote miwili, mipira yote miwili ipite nyuma ya kichwa, na ndevu nyoa. Najua ndevu zinauma kunyoa lakini barakoa haikai juu ya ndevu.

Swali: Inazuia harufu ya rangi na thina?

Haizuii, ile ni gesi. Inataka kifaa chenye kaboni maalumu.

Swali: Kikohozi cha vumbi si kinaisha chenyewe ukipumzika?

Nasikia hii kila wiki na jibu ni hapana, hapana, hapana. Vumbi la mawe, zege na vigae lina silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga, ile laini kabisa usiyoiona inafika mwisho wa mapafu inayatia makovu, inaitwa silikosisi na haina dawa ya kuiponya. Hata ukiacha kazi makovu yanaweza kuendelea. Tena inakuweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata TB. Watu wanakunywa asali na tangawizi mwaka mzima, wanakuja wakiwa hawawezi kupanda ngazi. Kikohozi kikizidi wiki 2 njoo. Ukikohoa damu, kukonda au kuhema kwa shida usisubiri hata hizo wiki 2.

Swali: Filta ya maji nayo ni hivyo hivyo?

Hapa ni tofauti kidogo, ule ni utando wa plastiki wenye matundu kweli, mara nyingi kama mirija myembamba iliyofungwa pamoja, na huu unaoshwa, unasukumiwa maji safi kinyumenyume kadiri maelekezo yake yanavyosema. Wenye matundu ya maikroni 0.1 unazuia bakteria na vimelea kama giardia. Virusi vingi vinapita, chumvi na floraidi zinapita, kwa hiyo maji kung'aa sio kigezo. Ukiganda kwa barafu ukiwa umelowa unaweza kupasuka ndani usijue. Filta iliyokuwa inatoka polepole ghafla ikaanza kumwaga kwa kasi watu wanafurahi, kumbe umepasuka. Na usiniambie "lakini natumia filta" wakati mtoto anaharisha tangu juzi, macho yameingia ndani na hakojoi. Anza kumpa ORS ukiwa njiani unamleta.

Swali: Nimefua barakoa na kuitumia miaka 2 kwenye kukata mawe, sikohoi, nifanyeje?

Njoo hivyo hivyo usiyekohoa, upigwe eksirei ya kifua, maana makovu yanaweza kutangulia kikohozi. Kazini mwagia maji pale msumeno unapokata, hilo linapunguza vumbi kabla halijafika kwenye barakoa yoyote. Na ukifika mwambie daktari unafanya kazi gani na kwa miaka mingapi, hata asipouliza, la sivyo atakuandikia dawa ya maji ya kikohozi urudi kwenye mawe.