Ukitaka Shule Iongezewe Fedha, Usisubiri Bajeti Isomwe

Msimu wa kuandaa mipango na bajeti umewadia, na malalamiko kuhusu fedha za shule yamekuwa mengi: madawati, matundu ya vyoo, walimu wa kujitolea wanaolipwa na wazazi. Mengi ni ya haki. Shida ni kwamba hupelekwa kusikohusika, au hufika wakati bajeti imeshafungwa.

Elimu bila malipo iliyoanza Tanzania Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, haina maana kwamba shule haina gharama. Ada ameondolewa mzazi, mzigo ukabaki serikalini. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka: 6,000 kwenda kwenye akaunti ya shule na 4,000 kubaki kwa ajili ya vitabu. Chukua shule ya wanafunzi 700. Inapata shilingi 4,200,000 kwa mwaka, yaani 350,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, bili ya maji na kitasa cha stoo kilichong'oka. Kiwango chenyewe kina asili yake katika MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), mwaka 2002, ruzuku ilipopangwa kuwa dola 10 na dola moja haijafika shilingi 1,000. Leo 10,000 hiyo haifiki dola 5.

Kwa hiyo anayedai kiongezwe ana hoja. Lakini ni hoja ya kisera, haimo mikononi mwa mwalimu mkuu wala mkurugenzi wa halmashauri. Kumfokea mwalimu getini hakuongezi hata senti.

Ya shuleni huanzia shuleni. Kamati ya shule hukaa, huorodhesha mahitaji na kuyapanga kwa kipaumbele. Muhtasari husainiwa na mwenyekiti na katibu, ambaye ni mwalimu mkuu. Orodha hupita serikali ya kijiji au mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, ndipo ifike halmashauri na kuingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Baraza la madiwani hupitisha mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili. Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa kuuliza choo cha wasichana kimo kwenye orodha au hakimo. Mahudhurio tunayajua sote.

Kuhusu kiwango cha kitaifa, wananchi humwendea mbunge mwezi Juni wakimtaka "aongeze fungu". Hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia ongezeko la matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka pendekezo litoke kwa Rais, kupitia Waziri. Mbunge anachoweza ni kuibana wizara mapema, hasa kwenye kamati za Bunge. Mpelekeeni hesabu ya shule yenu, mapato kwa matumizi, kabla ya Machi. Barua yenye takwimu husomwa. Ujumbe wa sauti wa dakika sita, sina hakika.

Takwimu hizo mnazipata wapi? Shule inatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo fedha ilizopokea na ilivyozitumia. Msipoziona, ulizeni kwenye kamati ya shule. Zikikosekana hapo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu kuomba kwa maandishi, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika jina, anuani na taarifa unayoitaka kwa kipindi maalumu: "ruzuku ya Julai hadi Desemba" inajibika, "pesa zetu zote" haijibiki.

Idadi ya wanafunzi nayo izingatiwe, kwa kuwa ruzuku huifuata. Anayeingiza wanafunzi hewa ili shule ipate zaidi hasaidii shule. Hutakiwa kurejesha fedha, hufikishwa kwenye mamlaka yake ya nidhamu, na ikibainika kuna jinai, suala huenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Mjumbe wa kamati aliyesaini akijua naye huhojiwa.

Michango ya hiari inaruhusiwa kwa kibali na kwa taratibu za halmashauri. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga.