Tabo kwenye Chevelle ya 1970: anza na gepu la ringi

Kabla hujaniuliza tabo (turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi) ya saizi gani, chukua ringi ya juu ya pistoni, itumbukize ndani ya silinda, isukume chini kwa kichwa cha pistoni mpaka ilale sawa, kisha ingiza fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) pale ncha zake mbili zinapokaribiana. Kwenye injini niliyoifungua mwezi uliopita hapa Ohio, bamba la milimita 0.30 lilipita kwa kubana, la 0.35 likagoma. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, gepu hilo ni safi kabisa. Injini ya tabo itakufa nalo.

Sababu ni joto. Tabo inashindilia hewa, kompyuta inaongeza petroli, moto unakuwa mkali na ringi inatanuka. Ncha zikishagusana, ringi haina tena pa kwenda. Inabana ukuta wa silinda, na pistoni ikiwa mbioni inameguka ukingo wake wa juu. Mwenye gari atalaumu petroli, fundi atalaumu tabo. Mimi naomba nioneshwe ringi kwanza. Zilizogusana huwa zimeng'aa pale nchani kama kioo.

Kwa silinda ya milimita 96 ninayoifanyia kazi, natafuta gepu la 0.60 hivi. Nasugua ncha moja tu, kidogo kidogo, nikitoka nje kwenda ndani ili nisiibandue ile rangi ya usoni mwa ringi, na napima kila mara. Pistoni nane, ringi za juu na za pili: ni kazi ya siku nzima. Hakuna atakayeiona, lakini ndiyo ninayoitoza pesa bila aibu.

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle ya 1970, yale Wamarekani wanayoyaita magari ya misuli: bodi ya wastani iliyobebeshwa V8 nzito. Toleo kali la mwaka ule, SS 454 yenye injini ya LS6, kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 450. Ungeniletea hiyo ningekurudisha nayo nyumbani, maana zimebaki chache na kuikata ni dhambi. Ya mteja wangu ilitoka na V8 ndogo ya inchi za ujazo 307, farasi 200 kwenye karatasi, na ilikuwa imechoka.

Tumemwekea V8 aina ya LM7 ya lita 5.3, iliyotoka kwenye pikapu ya Silverado iliyokufa kwa ajali. Injini hizi zilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007, bloku yake ni ya chuma cha kusubu, kizito kisichoogopa msukumo, na kwenye maskrepa ya hapa zimejaa. Mautingi (vishikizo vya injini) zinauzwa tayari. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya pikapu ni ndefu mno, inaning'inia chini ya chasisi, kwa hiyo inunuliwe fupi.

Sasa oili. Tabo inaingiziwa oili kwa presha, lakini kurudi inarudi kwa kuteremka tu, na inatoka imejaa povu. Bomba la kurudi lazima liwe pana (natumia la milimita 16 ndani), lishuke bila kupinda juu popote, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Miaka ya nyuma nililichomelea chini mno. Gari likatoa moshi wa bluu, tukaishusha tabo mara mbili tukidhani sili zimekufa, kumbe oili ilikosa njia ikapenya kwenye ekzosi. Ukiwa umekulia barabara ya Segera kama mimi, ukisikiliza tabo za mabasi ya Scania zikipiga filimbi mlimani, ujue mabasi yale yanafuata sheria hiyo hiyo.

Joto si adui mpya. Mwaka 1962 Oldsmobile waliuza Jetfire, V8 ya lita 3.5 yenye tabo, mgandamizo wa hewa silindani wa 10.25 kwa 1. Ili isijilipue walinyunyizia maji yaliyochanganywa na methanoli kutoka kwenye chupa maalumu. Chupa ikikauka, mtambo unapunguza msukumo na gari linakosa nguvu. Wenye magari wengi hawakuijaza, na baadhi walirudi kwenye kabureta ya kawaida. Mgandamizo wa LM7 ni 9.5 kwa 1, na kazi ya ile chupa tumeikabidhi interkula (kipoza hewa ya tabo), nozeli kubwa za petroli na kompyuta.

Nimeanza na msukumo wa ba 0.5. Bila tabo injini hii hufurahia hewa kilo 12.8 kwa petroli kilo 1. Chini ya msukumo naishusha hadi 11.5, kwa sababu petroli ya ziada inapooza. Taimingi ya cheche nairudisha nyuma karibu digrii saba. Plagi ni za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka), gepu milimita 0.6, la sivyo cheche inazimwa na upepo.

Breki za ngoma za mbele tumeshazitoa tukaweka diski, na difu ya nyuma inasubiri mshahara wa mteja. Baada ya maili mia tano nilizifungua plagi zote nane nikaziangalia kwa tochi na kioo cha kukuzia, nikitafuta vitone vya alumini vinavyong'aa kwenye kaure nyeupe, kwani hivyo ndivyo pistoni inavyoanza kuyeyuka. Zote zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Wiki ijayo napandisha msukumo hadi ba 0.6.