Alama ya Vidole Vitatu Kwenye Mwamba: Ndege au Dinosaria?

Ukikuta alama ya vidole vitatu kwenye mwamba, usikimbilie kusema ni ndege. Dinosaria wadogo wala nyama nao walitembea kwa miguu miwili na kukanyagia vidole vitatu, na ndege ni uzao wa ukoo huohuo. Edward Hitchcock, mwanajiolojia wa Amherst, Marekani, alizitangaza nyayo za bonde la mto Connecticut mwaka 1836 kuwa za ndege wakubwa wa kale. Kumbe zilikuwa za dinosaria wa miaka kama milioni 200 iliyopita. Hana lawama, maana jina dinosaria lenyewe lilitolewa mwaka 1842.

Anza na upana. Vidole vya ndege ni vyembamba na vimetanuka: pembe kati ya vile viwili vya pembeni mara nyingi huzidi nyuzi 100, hivyo unyayo huwa mpana kuliko urefu wake. Vya dinosaria mdogo vimekaribiana, cha kati kimetokeza mbele sana, na ukiinama utaona vifundo vya nyama ya kidole vimejichora kimoja baada ya kingine. Kwa ndege vifundo hivyo hufifia.

Kisha tafuta kidole cha nyuma. Kwa dinosaria kilikuwa kifupi, kimening'inia juu, na ni nadra kugusa ardhi. Kwa ndege wengi kinaelekea nyuma. Huko Dinosaur Cove, Australia, kuna unyayo wa zaidi ya miaka milioni 100 ambao kidole hicho kimeacha mchirizi mrefu, na watafiti waliusoma kama alama ya ndege aliyekuwa akitua. Ila kukikosa si ushahidi wa kutosha: tandawala hana kidole cha nyuma kabisa, na ni ndege.

Tope nalo hudanganya. Likiwa laini mno, kingo huangukia ndani mguu unapotoka, na kidole kinene kikabaki mstari mwembamba. Mfuate kuku uani baada ya mvua uone: kuku mmoja, nyayo za sura tatu au nne. Ndiyo maana unyayo mmoja peke yake hautoshi kutoa hukumu; tunataka msururu wa hatua.

Hata dalili zote zikikubaliana, uliza umri wa mwamba. Lesotho kuna nyayo ziitwazo Trisauropodiscus. Mwaka 2023 Miengah Abrahams na Emese Bordy wa Chuo Kikuu cha Cape Town walionyesha kwamba baadhi yake ni pana, zenye vidole vyembamba vilivyotanuka, kama za ndege hasa ukizitazama. Lakini zina zaidi ya miaka milioni 210, ilhali mifupa ya Archaeopteryx, anayehesabiwa miongoni mwa ndege wa kwanza, ina kama milioni 150. Aliyezikanyaga hajulikani. Kwa maoni yangu, kuziita "zinazofanana na za ndege" na kuishia hapo ndiyo kauli ya haki.

Kwa Laetoli, Tanzania, ambako nyayo za kale zimehifadhiwa katika majivu ya volkano, hesabu ni rahisi: majivu hayo yana miaka kama milioni 3.66, na dinosaria walishatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Nyayo za kanga zilizomo humo hazina mshindani.

Ukikuta alama kama hizi, usizichonge wala kuzimwagia kitu. Weka rula kando yake, piga picha ukiwa wima juu yake asubuhi au jioni jua likiwa chini, andika mahali, kisha wajulishe watu wa makumbusho.