Kuongeza kasi ya kadi ya michoro si kuiunguza

Upo ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kwa miaka sasa, ukidai kwamba anayeongeza kasi ya kadi mpya ya michoro, yaani kifaa cha kompyuta kinachotengeneza picha za kwenye skrini, ataiunguza siku hiyo hiyo, na kwamba ikifika nyuzi 80 za Selsiasi imekwisha. Si kweli.

Kadi za kisasa hujipandishia kasi zenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu, na joto likikaribia kikomo huipunguza. Nyuzi 80 katika mchezo mzito ni hali ya kawaida kwa kadi nyingi.

Mkanganyiko una chanzo chake. Mtu akizidisha kasi, skrini hujaa vidoa vya rangi au huwa nyeusi kwa sekunde chache mpaka programu endeshi, ile inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, ijiwashe upya, naye hudhani kadi imekufa, kumbe akirudisha mipangilio ya kiwandani inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hatari ya kweli, nionavyo, ni kulazimisha volti kupita kiasi, na hilo hufanywa na wachache. Feni iliyojaa vumbi huwasumbua wengi zaidi. Masharti ya dhamana nayo yasomwe kwanza.

Kuhakiki ni rahisi: katika Windows 11 bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya utendaji (Performance), chagua GPU, yaani kadi ya michoro, kisha usome joto lake mchezo ukiendelea. Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwoneshe aliyekutumia namba za kadi yake mwenyewe.